Kutulia ni nini hasa? Swali la nahodha kwa wanaojua fizikia

NahodhaWaMkanda (Lamu)

Assalaam alaykum jamaa. Nina swali la fizikia na naliuliza kwa dhati.

Kijana wangu yuko sekondari. Juzi baada ya isha alikuwa akijisomea kwa sauti: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kilicho katika mwendo huendelea na mwendo uleule kwa mstari ulionyooka, mpaka kani ya nje ikibadilishe. Sheria ya kwanza ya Newton. Nikamwuliza, kimetulia kwa kutazamwa kutoka wapi? Akasema kitabu hakikueleza. Nimelifikiri tangu siku hiyo, nikaona nililete hapa.

Mimi napeleka abiria na mizigo Faza, na njia yangu ni Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Kisiwa cha Manda na bara. Anayeijua Mkanda anajua kwamba lazima ungojee maji. Ukiwahi mapema unatia nanga kando ya mikoko mpaka yajae. Basi tazameni. Chombo kiko kwenye nanga, amari, yaani kamba ya nanga, imekaza, mikoko iko palepale, GPS inaandika sufuri. Lakini nikiinama ubavuni naona maji yanapita, povu linatoka omo, mbele, kwenda tezi, nyuma, na usukani unatetema mkononi. Nikiupinda, chombo kinanitii, kinakwenda upande kadiri amari inavyokiruhusu. Na sisi tunajua kwamba chombo kisichokwenda hakitii usukani.

Kisha kuna usiku mwingine. Hakuna upepo, mashine nimeizima, nimeuachia mkondo utuchukue. Jani lililoelea ubavuni linabaki palepale ubavuni. Usukani umekufa mkononi. Ukifumba macho utaapa kwamba tumesimama. Lakini GPS inaandika maili mbili kwa saa, na mikoko inarudi nyuma.

Sasa nilitulia lini, kwenye nanga ama kwenye mkondo? Na je, kuna kitu chochote kilichotulia kweli, bila kulinganishwa na kingine? Naomba jibu lenye sababu. Kijana atasoma pia.

PwaniKwetu

Nahodha, nanga imeshika ardhi, na ardhi ndiyo iliyotulia. Maji hayana uthabiti. Umetulia ukiwa kwenye nanga, kwisha.

MwalimuMstaafu (Malindi)

Wa alaykum salaam nahodha. Nimefundisha fizikia ya sekondari hapa Malindi hadi nilipostaafu, na hili ndilo swali nililotamani wanafunzi waniulize. Wengi waliikariri sheria hiyo, wakapata alama, wakaenda zao.

Jibu langu ni hili: hakuna kipimo cha fizikia kitakachokuambia ni lini kati ya nyakati zako mbili ulikuwa umetulia. Zote mbili ni sawa mbele ya sheria ya Newton. Nataka kijana aelewe sababu yake, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Tuhesabu kani. Kwenye nanga, mkondo unakisukuma chombo nyuma, na amari inakivuta mbele kwa kadiri ileile. Ukijumlisha unapata sufuri. Kwenye mkondo, maji na chombo vinakwenda pamoja, kwa hiyo maji hayakisukumi mbele wala nyuma, na amari umeipandisha. Jumla ni sufuri tena. Newton hamwulizi nahodha kama chombo chake kinakwenda. Anamwuliza kama mwendo wake unabadilika. Katika hali zote mbili haubadiliki, basi kwake hali ni moja.

Palipo na tofauti ni pale katikati. Ukikata amari ghafla, kani ya mkondo inabaki peke yake. Chombo kinaanza kwenda na maji, kwanza taratibu, kisha zaidi, mpaka kinafikia kasi ya maji, na hapo kani inakwisha. Katika muda ule wa kuongeza kasi, aliyesimama bila kujishika huyumba. Badiliko hilo la mwendo tunaliita mchapuko. Huo ndio mwili unaouhisi, na ndio sheria inayoushughulikia. Mwendo wenyewe, ukiwa sawasawa na umenyooka, hauhisiwi.

Aliyeliweka jambo hili wazi ni Galileo Galilei, katika kitabu chake cha mwaka 1632. Alisema: jifungie chini ya sitaha ya merikebu kubwa pamoja na vipepeo kadhaa na chombo cha maji chenye samaki, na utundike chupa inayodondosha maji tone kwa tone ndani ya chupa nyingine yenye mdomo mwembamba. Merikebu ikiwa imefungwa bandarini, tazama: vipepeo wanaruka pande zote, samaki wanaogelea wapendavyo, matone yanaingia mdomoni mwa chupa. Kisha merikebu iende kwa kasi yoyote uitakayo, ilmradi iende sawasawa bila kuyumba. Hutaona tofauti hata moja. Tone halitaangukia nyuma, wala kipepeo hatarundikana upande wa tezi. Alikuwa akiwajibu wale waliodai kwamba dunia ingekuwa inakwenda tungeuhisi mwendo wake.

Na halikubaki wazo tu. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre Gassendi alilijaribu kwa merikebu ya makasia huko Marseille. Jiwe lililoangushwa kutoka juu ya mlingoti, chombo kikienda kasi, liliangukia kwenye shina la mlingoti.

Sasa ndugu PwaniKwetu, tuje kwenye ardhi. Mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi hapa, kuna majukwaa ya Waitaliano ya kurushia roketi, yamesimama baharini kwa miguu ya chuma. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti iliyopewa jina Uhuru kwa kuwa siku ile ilikuwa ya uhuru wa Kenya, na ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Kwa nini watu watoke mbali wajenge jukwaa baharini karibu na ikweta? Sababu kubwa mojawapo inahusu hiki tunachokizungumza. Roketi ile ilipokuwa imesimama jukwaani, kabla ya kuwashwa, ukiipima kutoka kitovu cha dunia ilikuwa tayari inakwenda mashariki mita 464 kwa kila sekunde, kwa kuwa dunia inajizungusha na karibu na ikweta ndiko mzunguko ulikokuwa mpana kabisa. Setilaiti ya chini huhitaji zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Ukiirusha kuelekea mashariki, hiyo karibu nusu kilomita unapewa bure. Wahandisi walijenga hesabu yao ya mafuta juu ya mwendo wa kitu ambacho mvuvi wa Ngomeni alikiona kimesimama tuli. Na mvuvi alikuwa sahihi, kwa kuwa alikipima kutoka mtumbwini mwake, na mtumbwi nao ulikuwa unakwenda mita hizohizo 464.

Endelea mbele. Dunia inalizunguka jua kwa karibu kilomita 30 kwa sekunde. Jua nalo linazunguka kitovu cha kundi letu la nyota kwa zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde. Hata tope ambalo nanga ya nahodha imelishika linasafiri: Lamu na Malindi ziko upande wa mashariki wa Bonde la Ufa, na upande huu wa bara unajitenga na Afrika iliyobaki kwa milimita chache kila mwaka. Ardhi ni mahali pazuri pa kupimia, nami naitumia kila siku. Lakini tumeichagua sisi.

PwaniKwetu

Mwalimu nimekufuata mpaka hapo, lakini kuna pahali pananitatiza. Kama kila mmoja ana haki ya kusema "mimi nimetulia, wengine ndio wanaokwenda", basi anayesema dunia imetulia na mbingu ndizo zinazoizunguka kila siku ana haki sawa na Galileo. Mbona basi walishindana?

BintiLangoni

Shikamoo mwalimu, shikamoo ami nahodha. Mimi ni wa Langoni, nasomea uhandisi Nairobi. Kabla mwalimu hajajibu la mbingu, naomba niweke jaribio ambalo kijana anaweza kulifanya leo akiwa na simu.

Simu nyingi za kisasa zina kihisi cha mchapuko, kile kinachogeuza picha ukilaza simu. Kuna programu za bure zinazokuonyesha namba zake. Iweke simu mezani, itulie kabisa, kisha usome. Ungetarajia sufuri. Utakuta 9.8, kuelekea juu. Sasa iinue juu ya godoro nene, iachie ianguke, kisha utazame rekodi. Kwa ule muda mfupi wa kuanguka, namba inashuka hadi karibu sufuri.

Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilikaa kimya muda mrefu. Kifaa kinachopima mchapuko kinasema kwamba simu iliyo mezani ndiyo inayosukumwa, na ile inayoanguka ndiyo isiyoguswa na kitu. Maelezo ya kawaida yanatosha kwa mtihani: kihisi hupima kani ya meza inayoisukuma simu juu, hakipimi uvutano wa dunia, maana uvutano huvuta kila punje ya simu kwa pamoja. Lakini Albert Einstein alilichukulia jambo hili kwa uzito zaidi. Mwaka 1907 alifikiri kwamba mtu anayeanguka hahisi uzito wake, na kutoka hapo, baada ya miaka minane ya kazi, akafikia nadharia yake ya uvutano ya mwaka 1915. Katika nadharia hiyo embe linalodondoka kutoka mtini ndilo linalofuata njia yake ya asili, na sisi tuliokaa barazani ndio tunaosukumwa juu na jiwe la baraza kila sekunde.

Kwa hiyo ami, hata kukaa barazani unaweza kukutilia shaka.

MwalimuMstaafu (Malindi)

Marahaba mwanangu. Umemwekea kijana jaribio zuri kuliko nililokuwa nalo mimi.

PwaniKwetu, swali lako ni zito na linastahili heshima. Haki ya kusema "mimi nimetulia" anayo anayekwenda sawasawa kwa mstari ulionyooka. Anayezunguka hana. Kuzunguka ni kubadilisha mwelekeo wakati wote, na kubadilisha mwelekeo ni mchapuko, na mchapuko unajulikana ukiwa ndani, madirisha yote yamefungwa, bila kutazama nyota hata moja.

Mwaka 1851 Léon Foucault alitundika kutoka kwenye kuba la Panthéon, Paris, tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67, akaliachia libembee. Kadiri saa zilivyopita, mstari wa kubembea uligeuka sakafuni. Hakuna aliyeligusa. Sakafu ndiyo iliyokuwa ikigeuka chini yake pamoja na Paris yote. Pale mstari humaliza duara baada ya saa kama 32. Sisi tuko pabaya kwa jaribio hilo, maana kadiri unavyokaribia ikweta ndivyo linavyozorota. Lamu ingechukua siku kama 25 kumaliza duara moja, na kwenye ikweta yenyewe mstari haugeuki kamwe. Watu wa Lamu wangelibembeza tufe asubuhi na kufikia adhuhuri wasione kitu cha kuwasadikisha.

Lakini tuna ushahidi mwingine hapa hapa. Kitu kinachoanguka kwenye ikweta huongeza kasi kwa mita 9.78 kwa sekunde kila sekunde, na kwenye ncha za dunia kwa 9.83. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na kuzunguka moja kwa moja, na iliyobaki inatokana na dunia kutuna kiunoni, jambo ambalo nalo limeletwa na kuzunguka. Mbingu zingekuwa ndizo zinazozunguka na dunia imetulia, dunia isingekuwa na sababu ya kutuna. Walishindana kwa haki, na ukweli ulikuwa upande mmoja.

Kwa hiyo kijana ashike mambo mawili, asiyachanganye. Kutulia na kwenda sawasawa haviwezi kutenganishwa. Kwenda sawasawa na kupinda kunatenganishika, tena kwa urahisi. Nahodha ana bildi chomboni, ile kamba yenye kipande kizito cha madini ya risasi ya kupimia kina. Aitundike mahali pasipo na upepo, kwenye maji yaliyolala, aone.

NahodhaWaMkanda (Lamu)

Nimeitundika. Kijana alikuja nami, likizo imeanza. Tuliifunga bildi kwenye boriti chini ya turubai, tukateremsha kamba mpaka ncha ya risasi ikakaribia ubao, kijana akatia alama ya chaki chini yake tukiwa bado gatini. Mashua ilikuwa imepakia saruji, kwa hiyo ilikaa nzito na haikutikisika. Tulingoja tuingie ndani ya Mkanda ambako hakuna wimbi.

Mwendo wa polepole, risasi iko juu ya chaki. Nikaongeza mashine: wakati wa kuongeza ikalala upande wa tezi, kasi ilipokaa sawa ikarudi juu ya chaki. Mwendo wa juu kabisa niliuacha, kwa sababu omo huinuka na ubao hauwi tena sawa na pale gatini. Kwenye kona, nikipinda kushoto risasi inakwenda kulia, na inakaa hukohuko muda wote wa kupinda. Kona ikiisha inarudi. Kijana alijifunika uso kwa kilemba akawa anaitazama risasi peke yake na kutangaza, "tunapinda", "tunaongeza", "tunapunguza". Hakukosa. Kisha nikamwuliza, sasa tunakwenda ama tumesimama? Hapo mashine ilikuwa imezimwa na mkondo unatuchukua. Akasema risasi haina habari hiyo.

Mwalimu, nimeridhika kwa upande huo. Limebaki lile la mwisho: kitu kilichotulia chenyewe, kwa ndani. Siku ya shwari tupu, bahari imelala kama sinia, moshi wa jiko unapanda wima. Hewa ile je? Na kitu kilichogandishwa? Samaki wangu kwenye barafu hawana wanakokwenda.

MwalimuMstaafu (Malindi)

"Risasi haina habari hiyo." Mwambie kijana kwamba kwa sentensi ile ningempa alama zote na kumwachisha mtihani uliobaki.

Hewa ya shwari. Hapa napenda kukaa kidogo, kwa kuwa watu wa pwani tunaijua shwari kuliko wengi. Molekuli za hewa katika joto letu hili zinakwenda, kwa wastani, karibu mita 500 kwa sekunde. Zinagongana, zinarudi, zinagonga tanga upande wa mbele na upande wa nyuma. Siku ya shwari zinazokwenda kusi ni sawa na zinazokwenda kaskazi, na tanga linagongwa sawasawa pande zote mbili, linaning'inia. Kusi likivuma kwa nguvu, mita 10 kwa sekunde tuseme, molekuli hazijaongeza mbio zake kwa kadiri ya kutajika. Ni kwamba katika fujo ile ya mita 500, kumeingia upendeleo mdogo wa mita 10 kuelekea upande mmoja. Upendeleo huo mdogo ndio unaoijaza tanga na ndio unaozamisha vyombo. Shwari ni hesabu iliyolingana, ndani yake kuna mbio zilezile.

Barafu ya samaki wako ni hivyo pia. Molekuli za maji zimeshikana mahali pake lakini kila moja inatetemeka hapo ilipo, na joto ndilo kipimo cha kutetemeka huko. Basi ukizidi kupoza? Kuna kikomo cha chini, nyuzi 273.15 chini ya sufuri. Zamani ingeaminika kwamba ukikifikia kikomo hicho kila kitu kingetulia tuli. Fizikia ya karne ya 20 imekataa. Werner Heisenberg alionyesha mwaka 1927 kwamba huwezi kuwa na chembe ambayo mahali pake na mwendo wake vyote viwili vimekuwa hakika kabisa. Ukiibana chembe ikae mahali pamoja, mwendo wake hauwezi kuwa sufuri kamili. Unabaki mtikisiko ambao hakuna baridi ya kuuondoa.

Na mtikisiko huo unaonekana kwa macho. Heli, gesi ile ya maputo, huwa majimaji kwenye nyuzi 269 chini ya sufuri. Ipoze zaidi upendavyo: katika kanieneo ya kawaida haigandi. Atomu zake ni nyepesi na zinashikana kwa udhaifu mno, hivyo mtikisiko ule unatosha kuzizuia zisikae kwenye safu. Ili igande, uibane kwa kanieneo kama mara 25 ya hewa yetu hii. Mimi sijui ushahidi mzuri zaidi ya huo: majimaji yanayokataa kutulia hata yakinyang'anywa karibu joto lote.

Nimalizie na upande mwingine wa swali lako, wa ulimwengu mpana. Watu walitafuta bahari kubwa ambayo kila kitu kinaelea ndani yake, wakidhani mwanga ni mawimbi ya bahari hiyo. Mwaka 1887 Albert Michelson na Edward Morley, huko Marekani, walijaribu kuupima mwendo wa dunia ndani yake kwa kulinganisha miali ya mwanga iliyokwenda pande tofauti. Hawakupata mkondo wowote wa kutajika. Mwaka 1905 Einstein akasema bahari hiyo haina kazi katika fizikia, tuiache. Baadaye, mwaka 1965, ilitangazwa kwamba mbingu yote ina mwanga hafifu wa mikrowevu uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga. Upande mmoja wa mbingu mwanga huo una joto kidogo zaidi, na upande wa pili kidogo pungufu, tofauti ya sehemu chache za elfu za nyuzi moja, na kutokana na hilo tunajua kwamba jua pamoja nasi tunakwenda kama kilomita 370 kwa sekunde tukilinganishwa nao. Ni kipimo kinachofaa wote, popote walipo. Lakini ukijifungia kwenye chumba cha Galileo na kuukinga mwanga huo, risasi yako bado haitakuwa na habari hiyo.

Zoezi kwa kijana: akirusha limau juu wima, pale kileleni, kabla halijaanza kushuka, limetulia?

BintiLangoni

Mwalimu, hilo la limau lilinikosesha usingizi mwaka wa kwanza. Nanyamaza ajibu mwenyewe.

NahodhaWaMkanda (Lamu)

Kijana anaandika hivi: "Kasi yake kileleni ni sufuri. Lakini kani ya uvutano bado inalivuta, haijapungua. Kingekuwa kitu kilichotulia kwa maana ya sheria ya kwanza, kingebaki pale. Hakibaki, kwa hiyo kimesimama lakini hakijatulia."

Nami nina la kuongeza, mwalimu aniambie kama ni sawasawa. Mkondo wa Mkanda nao hugeuka. Unapungua, unasimama, kisha unaanza kurudi ulikotoka. Pale unaposimama sisi huharakisha, maana ndipo chombo kilichosheheni kinageuzwa bila taabu. Nimekuwa nikiona kwamba hausimami kwa muda, hata ukubali kukaa. Ukisimama tayari unarudi. Na kipindi hicho cha kugeuka ni kifupi zaidi wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kuliko wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo.

MwalimuMstaafu (Malindi)

Kijana amejibu sahihi, sina la kusahihisha.

Na wewe umeona kitu kilekile majini. Maji ya mlango kama ule husukumwa na tofauti ya kimo cha bahari kati ya ncha zake mbili. Mkondo unapofika sufuri, tofauti hiyo kwa kawaida ipo na imeshaelekea upande wa pili, kwa hiyo maji yaliyosimama yanasukumwa wakati huohuo yaliposimama. Wakati wa bamvua msukumo ni mkubwa, basi yanapita kwenye sufuri upesi. Wakati wa maji mafu msukumo ni mdogo, yanapita polepole.

Kijana akipata nafasi, atie nanga mahali pamoja ndani ya Mkanda, adondoshe kipande cha kifuu cha nazi omo na kuhesabu sekunde mpaka kifike tezi. Arudie kila nusu saa, tangu mkondo unapogeuka hadi unapogeuka tena mara mbili, yapata saa 12 na dakika 25. Achore kasi dhidi ya muda, mwendo wa kujaa juu ya mstari na wa kupwa chini yake. Kisha aweke rula pale mchoro unapoukata mstari wa sufuri na kupima umeinama kiasi gani. Afanye mara moja wakati wa bamvua na mara moja wakati wa maji mafu, alete michoro yote miwili hapa.